Tindo yako imekatika ncha? Usilaumu chuma kwanza

Kila muhula hapa karakana ya chuo Arusha naletewa tindo iliyokatika, mwanafunzi ananiambia mwalimu hiki chuma feki. Namuuliza umeitengeneza kwa chuma gani, anasema springi ya gari, kaitoa kwa wauza vyuma chakavu kule mtaa wa Unga Limited. Sasa jamani springi ya gari sio feki, ni chuma kizuri mno kwa tindo.

Habari yote iko kwenye kaboni. Nondo ya kawaida ina kaboni kama asilimia 0.2 tu, springi inafika 0.5 hadi 0.6, tupa inaweza kupita 1. Ukipasha chuma zaidi ya nyuzi 727 atomu zake zinaanza kujipanga upya na kaboni inapata nafasi ya kuingia katikati yake, yaani chuma hakijayeyuka ila kaboni imeshayeyukia ndani, alafu ukikiacha kipoe polepole kwenye majivu inatoka taratibu na chuma kinakuwa laini, ila ukikizamisha ghafla kwenye maji au oili kaboni inanasa humohumo. Hiyo ndo inaitwa martensaiti. Ni ngumu mpaka tupa inateleza juu yake, lakini inavunjika kama glasi. Nondo hata uizamishe mara kumi haifiki huko.

Utajuaje joto limetosha? Chukua sumaku, chuma kikiwa chekundu na sumaku haishiki tena ongeza moto kidogo tu. Fanyia kivulini, juani wekundu unakudanganya utaunguza chuma. Springi zamisha kwenye oili, maji yanapoza haraka mno inapata nyufa.

Wengi wanaishia hapo na ndo maana tindo zinakatika! Bado kuna kupasha mara ya pili, kwa moto mdogo, ili chuma kisivunjike tena kama glasi. Isugue msasa mpaka ing'ae, pasha taratibu kuanzia nyuma, utaona rangi zinatembea kuelekea ncha, manjano kama mabua makavu kwenye nyuzi 230 hivi, kahawia, zambarau karibu 280, alafu bluu. Kwa tindo ya kukatia chuma mi nataka zambarau ifike kwenye ncha, hapo unaipoza.

Na kichwa kinapopigwa nyundo usikizamishe kabisa, kiache laini, maana kikiwa kigumu kinarusha vipande na vinaingia machoni. Miwani uvae tu.