Umbo la ajabu lazima lifanye kazi

Wateja wanaotaka jengo la umbo lisilo la kawaida huwa wanakuja na picha kwenye simu: jengo kama boti, kama korosho, kama chupa. Mimi kama msanifu majengo sina shida na ndoto hiyo. Ninachouliza ni umbo hilo litafanya kazi gani mbali na kutazamwa.

Mfano ninaoutumia mara nyingi ni makao makuu ya kampuni ya Longaberger huko Newark, Ohio, Marekani. Kampuni ilitengeneza vikapu, na mwaka 1997 ikajenga kikapu cha ghorofa 7, mara 160 ya kile inachouza. Mikono yake mikubwa ikabidi iwekewe mfumo wa kupasha joto, barafu isigande juu yake. Yaani umbo lilizaa kazi ya ziada badala ya kuipunguza. Biashara iliposhuka, wafanyakazi walihamishwa mwaka 2016 na kampuni ikafungwa 2018. Jengo likabaki linatangaza bidhaa ya watu wasiokuwepo.

Sisi Dar tuna jibu zuri zaidi, tena tunalipita kila siku tukikimbizana na mabasi: Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, kazi ya msanifu majengo Mtanzania Beda Amuli.

Tazama paa lake kwa makini. Ni miavuli ya zege iliyogeuzwa, kingo zimeinuka na katikati imezama. Mvua ya masika ikishuka, maji yanakimbilia katikati yenyewe, kisha yanashushwa hadi kwenye hifadhi iliyo chini ya ardhi. Hewa ya moto inapanda na kutoka, kivuli kinabaki kwa muuzaji. Umbo linasema "soko chini ya miti", na kweli linafanya kazi ya miti.

Kinachonifurahisha zaidi ni ujenzi wenyewe. Ganda la zege la kila mwavuli limejipinda, lakini uso wake unatokana na mistari iliyonyooka. Seremala anapanga mbao zilizonyooka, kila moja ikiinama zaidi kidogo ya mwenzake, mpindo unajitokeza bila kukunja ubao hata mmoja. Halafu zinafuata nondo, kisha zege jembamba. Ganda linapata nguvu kwa mpindo, si kwa unene, hivyo saruji inayotumika ni kidogo kwa eneo kubwa linalofunikwa.

Soko lilipoungua Julai 2021, ukiacha mali za wafanyabiashara, roho yangu ilikuwa kwenye miavuli ile. Kuijenga upya kungehitaji mafundi wa mbao ambao siku hizi ni wachache, maana kazi nyingi mjini ni nguzo, bimu na vioo.

Ukitaka kuona ndugu yake, panda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukaangalie paa la Ukumbi wa Nkrumah, ule uliowahi kuchapwa kwenye noti ya shilingi 500. Simama pembeni, ufuate ukingo mmoja wa paa kwa macho kutoka chini hadi juu. Utaona umenyooka kama rula.