Mawaziri 11 wa Kerala, 1957: nani alipewa wizara gani

Nikitaka kulielewa baraza lolote la mawaziri, huanza kwa kuangalia nani alikabidhiwa wizara ipi. Hotuba za kiongozi huja baadaye. Katika kufundisha kwangu historia ya katiba, sijaona mfano ulio wazi kuliko baraza la jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, lililoapishwa tarehe 5 Aprili 1957.

Jimbo lenyewe lilikuwa changa. Lilizaliwa tarehe 1 Novemba 1956, India ilipopanga upya mipaka ya majimbo kwa kufuata lugha, na wasemaji wa Kimalayalam wa Travancore-Cochin wakaunganishwa na wenzao wa Malabar. Katika uchaguzi wa kwanza Chama cha Kikomunisti kilipata viti 60 kati ya 126, kikaungwa mkono na wabunge huru 5. E. M. S. Namboodiripad akawa Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, akiwa na mawaziri wenzake 10.

Msomaji wa Kenya asichanganye: gavana wa jimbo la India si kama gavana wa kaunti. Hachaguliwi na wananchi. Huteuliwa na Rais kwa ushauri wa serikali kuu ya Delhi. Huwaapisha mawaziri, lakini wao huwajibika kwa pamoja mbele ya bunge la jimbo. Baraza hili lilikuja kuangushwa na Delhi, wala si na bunge lake.

Fedha alipewa C. Achutha Menon. Kazi na uchukuzi, T. V. Thomas. Serikali za mitaa zilikwenda kwa P. K. Chathan Master, aliyetoka katika jamii ya Wapulaya, watu ambao kwa karne nyingi walizuiwa hata kupita baadhi ya barabara. Sheria alikabidhiwa V. R. Krishna Iyer, na afya Dk. A. R. Menon, wote wawili wakiwa wabunge huru. Lakini wizara mbili ndizo zilizobeba uzito wote: mapato na elimu.

Wizara ya mapato kule ndiyo yenye ardhi. Alipewa K. R. Gouri, mwanasheria, mwanamke pekee katika baraza, kutoka jamii ya Waezhava waliodharauliwa na matabaka ya juu. Naamini huo ulikuwa uteuzi mzito kuliko wote. Tarehe 11 Aprili, siku 6 tu baada ya kiapo, ilitolewa amri ya kuzuia wakulima wapangaji kufukuzwa mashambani. Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu mwenye ardhi akisikia kwamba sheria ya kumpa mpangaji haki inakuja, humwondoa mpangaji mapema, na sheria ikifika haikuti wa kumlinda. Serikali nyingi zilizojaribu kugawa ardhi zimekwama hapo hapo. Kerala ilifunga mlango kwanza, ndipo ikakaa kuandika muswada wenyewe, uliopitishwa na bunge Juni 1959.

Elimu ilikuwa ya Joseph Mundassery, profesa na mhakiki wa fasihi. Shule nyingi zilimilikiwa na Kanisa na vyama vya kijamii, huku serikali ikitoa ruzuku. Mwalimu aliajiriwa na meneja wa shule, na mshahara wake ulipitia mikononi mwa huyo huyo meneja. Muswada wa 1957 ulitaka mwalimu alipwe moja kwa moja na serikali na ateuliwe kutoka orodha ya Tume ya Utumishi. Rais aliupeleka Mahakama ya Juu kuomba maoni, ukarekebishwa, na ukawa sheria mapema 1959. Kwa mwalimu ulikuwa ukombozi. Kwa wenye shule, ni kunyang'anywa.

Hapo wenye ardhi na wenye shule wakawa kitu kimoja. Kanisa Katoliki na chama cha Wanair, jamii ya tabaka la juu, kilichoongozwa na Mannathu Padmanabhan waliingia barabarani, na Congress, chama kilichotawala Delhi, kikawaunga mkono. Juni 1959 polisi walifyatua risasi Angamaly, watu wakafa. Tarehe 31 Julai 1959 serikali ya Waziri Mkuu Nehru ilitumia Ibara ya 356 ya Katiba, inayoiruhusu serikali kuu kushika utawala wa jimbo, kulivunja baraza. Halikuwa limeshindwa kura yoyote ya imani bungeni, na hilo ndilo linalonikera hadi leo. Ghasia zilikuwa kweli, na serikali ile nayo ilikuwa na makosa yake, lakini wa kuipima walikuwa wabunge wa Kerala. Mahakama ya Juu ilikuja kulisema hilo mwaka 1994, katika kesi ya Bommai kuhusu matumizi ya ibara hiyo: wingi wa serikali ya jimbo hupimwa ndani ya bunge.

Uchaguzi wa 1960 uliwaacha Wakomunisti na viti 29, ingawa asilimia ya kura zao ilipanda. Muswada wa ardhi ulikuwa bado unasubiri idhini ya Rais baraza lilipovunjwa. Gouri alirudi wizara ile ile mwaka 1967 na kusukuma sheria kali zaidi. Ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 1970, Waziri Kiongozi alikuwa Achutha Menon, yule waziri wa fedha wa 1957.