Kura ilipita, mjadala ulikuwa wa nini?

Kila muhula nikifika kwenye mada ya bunge na vita, hakosi mwanafunzi wa kuniuliza: "Mwalimu, kama serikali ina wabunge wengi na imeshaamua kupigana, mjadala wa nini?" Simlaumu. Namfungulia Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ya Bunge la Uingereza huko London ya Machi 2003, lilipokuwa likijadili kuingia vitani Iraq.

Usiku wa tarehe 17, Robin Cook, kiongozi wa shughuli za serikali bungeni na waziri wa zamani wa mambo ya nje, alisimama kueleza kwa nini amejiuzulu. Alisema huenda Iraq haina silaha za maangamizi kwa maana ambayo mtu wa kawaida anaielewa. Alipoketi, baadhi ya wabunge wakampigia makofi. Huko makofi ni mwiko. Waheshimiwa wetu wa Dodoma waliozoea kugonga meza wangeshangaa.

Kesho yake wakajadili kutwa, na usiku wakapiga kura: 412 waliunga mkono vita, 149 walikataa. Tarehe 20 mabomu yakaanza kuanguka.

Kwa hesabu ya siku ile Cook alishindwa. Ila kule hoja ikigombewa, haitoshi kuitikia "ndiyo" ukiwa umekaa. Mbunge anainuka, anapita kwenye ushoroba wa upande wake, na jina lake linaandikwa. Waziri Mkuu Tony Blair naye ilibidi azitaje sababu zake mbele ya kadamnasi kabla risasi haijalia, na zikaingia kwenye kumbukumbu neno kwa neno. Silaha hazikupatikana. Ripoti ya John Chilcot, aliyeongoza uchunguzi rasmi wa vita hivyo, ilipotoka mwaka 2016, ikasema tishio lilikuwa limeelezwa kwa uhakika usiostahili. Kufikia hapo hakuna aliyeweza kujitetea kwamba wakati ule hapakuwa na wa kuonya. Hansadi ipo, na majina yamo.

Kidonda hicho ndicho kilichomuuma Waziri Mkuu David Cameron mwaka 2013. Baada ya shambulio la silaha za kemikali huko Ghouta, Syria, aliwaita wabunge kutoka likizo, na tarehe 29 Agosti wakaikataa hoja yake ya kuishambulia Syria kwa kura 285 dhidi ya 272. Akakubali. Siku 2 baadaye Rais Barack Obama wa Marekani naye akatangaza kwamba ataomba idhini ya Kongresi, bunge la kwao. Wapo wanaosema kura ile ilimpa Assad, rais wa Syria wakati huo, nafasi ya kupumua, na hoja yao si ya kubezwa.

Tatizo ni kwamba Uingereza utaratibu huu ni mazoea tu, si sheria. Aprili 2018 Waziri Mkuu Theresa May alishambulia Syria tarehe 14 wabunge wakiwa likizo, akaja kujieleza tarehe 16.

Kwetu Tanzania jambo hili limo kwenye Katiba. Ibara ya 44 inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita, kisha Bunge liitishwe ndani ya siku 14 kutafakari kama liunge mkono tangazo hilo. Kenya wameandika kwa ukali zaidi: Ibara ya 240 inataka idhini ya Bunge ndipo majeshi yapelekwe nje ya nchi. Mimi naupenda mpangilio wa Kenya. Jeshi likishavuka mpaka, mbunge anayeuliza maswali huonekana anawasaliti vijana walioko vitani, na wengi huona heri wanyamaze.