Dawa mseto, korosho na eksirei

Anayepewa dawa mseto ya malaria dirishani hapa Mtwara huambiwa aile pamoja na chakula chenye mafuta. Wengi huitikia "sawa daktari", kisha wakaimeza kwa chai ya rangi. Mama mmoja aliniuliza bila kuzunguka: "Mwanangu, mafuta na malaria wapi na wapi?"

Ndani ya dawa mseto mna lumefantrini, ambayo karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji. Kwa watu wazima wenye afya, mlo wa mafuta mengi uliongeza ufyonzwaji wake mara 16 hivi kuliko tumbo tupu. Si lazima mafuta yawe mengi: gramu 1.2 tu, ndani ya maziwa ya soya, zilitosha kufikia takriban asilimia 90 ya kiwango cha juu. Korosho mbili tatu zilizobanguliwa hubeba mafuta kiasi hicho, kwa hiyo huku kwetu kisingizio hakuna.

Sasa tuingie tumboni. Lipasi, kimeng'enya cha mafuta, huyakata mafuta kuwa vipande vidogo viitwavyo asidi za mafuta na monogliseridi, nyongo ikavikusanya kuwa chembe zinazobeba dawa, za nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache hadi mamia. Mwanga tunaouona una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700, hivyo darubini ya kawaida haifui dafu. Maabara tunatumia eksirei yenye wimbi la nanomita 0.15 hivi na kupima inavyotawanyika kwa pembe ndogo mno. Lipidi, yaani mafuta na jamii zake, zikijipanga tabaka juu ya tabaka kama mikeka dukani, vilele kwenye grafu ya mtawanyiko hutokea kwa uwiano wa 1:2:3. Zikijikunja kuwa mirija iliyosongana kwa mpangilio wa pembe sita, uwiano huwa 1:√3:2. Umbo ambalo hujaliona kwa macho unalisoma kwa hesabu, na hilo halijanichosha hadi leo. Kwenye sinkrotroni, mtambo mkubwa unaotoa eksirei kali sana, kipimo huchukua sekunde chache, kwa hiyo mmeng'enyo hufuatiliwa ukiwa unaendelea kwenye chombo cha nyuzijoto 37. Kwenye pembe kubwa, vilele vyembamba vikitokea ujue dawa imejitenga ikawa fuwele, na fuwele hufyonzwa kwa shida.

Kipimo kimoja pekee sikiamini. Mtawanyiko wa leza ni rahisi na wa haraka, lakini unatoa ukubwa tu. Chembe tupu na chembe iliyobeba dawa zinaweza kutoa namba ileile. Ndipo naomba spektroskopia ya infraredi, inayotambua molekuli kwa mitetemo yake. Mikia ya lipidi, yaani minyororo yake mirefu ya kaboni, huonekana karibu na mawimbi 2850 kwa sentimita, na ikilegea kilele hupanda vipimo viwili vitatu. Ni badiliko dogo, ila linaonyesha kama dawa imejipenyeza katikati ya mikia.

Kero ni maji: hufunika eneo la karibu na 1640, ambako baadhi ya dawa zina alama zake. Tunayabadilisha kwa maji mazito, yenye deuteri, aina nzito ya haidrojeni, badala ya haidrojeni ya kawaida. Maji hayohayo hutusaidia tukitumia miali ya nyutroni (chembe za ndani ya atomu) badala ya eksirei, kwani nyutroni huzitofautisha deuteri na haidrojeni. Ukichanganya maji ya aina mbili kwa kipimo sahihi, lipidi hufifia machoni pa nyutroni na kilichobaki kikajitokeza.