Riwaya "kugunduliwa upya": maana yake, na kwa nini huwakuta wanawake

Geuza nyuma ya jalada la riwaya ya zamani ya mwandishi mwanamke, na aghalabu utasoma kwamba kitabu "kimegunduliwa upya". Usidhani kuna mswada uliofukuliwa shimoni. Kitabu chenyewe kilichapwa, kikauzwa, kikahakikiwa magazetini. Kisha mchapishaji akaacha kukichapa, walimu hawakukitia kwenye mitaala, walioandika historia ya fasihi wakakiruka, na baada ya miaka ishirini au thelathini kikabaki kwenye rafu za maktaba chache na vichwani mwa waliowahi kukisoma. Kugunduliwa upya ndiyo safari yake ya kurudi: msomaji anakisemea, mchapishaji anakirudisha mitamboni, shule na vyuo vinaanza kukifundisha. Bila hiyo hatua ya darasani kitabu hurudi kwa msimu mmoja tu, kisha kinazama tena.

Mfano unaotajwa sana ni wa Zora Neale Hurston, Mmarekani mweusi aliyekulia Eatonville, mji mdogo wa watu weusi huko Florida. Alisomea anthropolojia, yaani elimu ya watu na tamaduni zao, chini ya mtaalamu Franz Boas, akazunguka kusini mwa Marekani akikusanya ngano na nyimbo. Riwaya yake "Their Eyes Were Watching God" aliiandika akiwa Haiti, kwa majuma saba tu, na ikatoka 1937. Inamhusu Janie, anayeozwa na bibi yake kwa mwanamume mwenye shamba, akamkimbia kwa mwingine mwenye ndoto za ukubwa, na ndoa ya tatu ndiyo anayoichagua kwa moyo wake. Wahusika wanazungumza lahaja ya barazani kwao, bila kusafishwa. Ni kama mtu aandike mazungumzo yote kwa Kimvita au Kimakunduchi bila kumwomba radhi msomaji wa bara.

Lahaja hiyo hiyo ilimponza. Richard Wright, aliyekuwa akiinuka wakati huo miongoni mwa waandishi weusi, aliikosoa riwaya ile mwaka huo huo kwamba haina ujumbe, na kwamba inawachekesha wazungu kwa gharama ya watu weusi. Zama zilidai riwaya ya maandamano, yaani ya kupinga dhuluma waziwazi, na mwanamke anayetafuta mapenzi chini ya mti wa mpeasi hakuhesabiwa kuwa siasa. Kufikia 1950 Hurston alikuwa akifanya kazi ya utumishi wa nyumbani. Alifariki Januari 1960 huko Fort Pierce, katika nyumba ya kutunzia maskini. Mazishi yalifanywa kwa michango na kaburi halikuwekwa alama. Karatasi zake zilikuwa tayari zimetiwa moto pale afisa wa polisi aliyemfahamu, Patrick DuVal, alipopita akauzima.

Mwaka 1973 mwandishi Alice Walker alifika Fort Pierce akijitia kuwa mpwa wa marehemu ili watu wamsaidie, akaingia kwenye magugu ya makaburini mpaka pale alipoamini ndipo, akaweka jiwe. Makala yake ya 1975 juu ya safari hiyo iliwasha watu. Lakini tusimpe mtu mmoja sifa zote. Walimu wa vyuo walikuwa wakiisoma riwaya ile kwa nakala za fotokopi, kwa kuwa dukani haikuwepo; Robert Hemenway alitoa wasifu wa Hurston 1977; na 1978 chuo kikuu cha Illinois kikaichapa upya. Leo ni kitabu cha darasani kote Marekani.

Miaka hiyo hiyo, Uingereza, Carmen Callil alianzisha shirika la uchapishaji la Virago (1973), na kuanzia 1978 shirika hilo likawa linatoa mfululizo wa riwaya za wanawake zilizoachwa, zenye migongo ya kijani. Cha kwanza kilikuwa cha Antonia White, "Frost in May", kilichotoka mara ya kwanza 1933. Wazo ni jepesi: kitabu kimoja kilichofufuliwa hupotea dukani, lakini mia vikivaa sare moja vinaonekana kuwa ukoo.

Mimi neno "kugundua" silipendi sana. Kuna waliokisoma kitabu siku zote, na kwao hakikuwahi kupotea. Kusema kimegunduliwa ni kusema wao hawakuwa wasomaji. Afadhali "kurudishwa". Neno hili angalau linaacha nafasi ya kuuliza nani alikiondoa.

Kwetu je? Mwaka 1966 Grace Ogot alitoa "The Promised Land", kisa cha mume na mke Waluo wanaohama Nyanza kwenda kutafuta mali Tanganyika. Kwa Kiswahili, Ndyanao Balisidya aliandika "Shida" (1975), na Zainab Burhani "Mali ya Maskini" (1981). Wahakiki wanawajua. Lakini muulize msomaji wa kawaida juu ya msichana katika riwaya ya Kiswahili ya miaka ile, na kwa hakika wengi watakutajia Rosa wa Kezilahabi, aliyeandikwa na mwanamume. Tena "Rosa Mistika" yenyewe iliwahi kupigwa marufuku shuleni, kisha ikaja kuwa kitabu teule. Darasa linaweza kukizika kitabu, na likaweza kukifufua.

Mwaka 2007 Amandina Lihamba, Saida Yahya-Othman, M. M. Mulokozi na wenzao walitoa mkusanyo mkubwa wa maandishi na nyimbo za wanawake wa Kenya, Malawi, Tanzania, Uganda na Zambia. Kazi kubwa mno, lakini mkusanyo hubeba vipande. Riwaya hairudi kwa kurasa tano. Lazima ichapwe nzima, na awepo mchapishaji atakayekubali hasara ya toleo la kwanza kabla shule haijaitaka.