Saa Haijui Utamu wa Mbio

Dhana: muda wako usipopungua, unajichosha bure.

Hii ndiyo inayowaondoa wengi barabarani. Mtu anaanza kukimbia Januari, anaona kilomita 10 zake zinapungua dakika mwezi hadi mwezi, anafurahi. Ikifika Juni muda umegoma, naye anatundika raba. Lakini muda lazima ugome. Mwili mgeni kwa mazoezi hubadilika haraka, baadaye taratibu, na umri nao una yake. Aliyefunga furaha kwenye saa ameifunga kwenye kitu chenye kikomo.

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi Tanzania tulianza na mchakamchaka: alfajiri, mmoja anaanzisha wimbo, wengine tunaitikia, miguu inapiga mdundo mmoja. Hakuna aliyepimwa. Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam bado vinakimbia hivyohivyo wikiendi, filimbi mbele, nyimbo nyuma, vijana kwa wazee. Nimekimbia nao miaka kadhaa, na swali ninalolisikia tukimaliza ni nani hajaja leo na kwa nini.

Dhana: bila kujiumiza hupati ile raha ya kukimbia.

Hapa sayansi yenyewe imebadilika. Zamani sifa zote zilipewa endofini, kemikali za mwili zinazopunguza maumivu. Mwaka 2021 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, walichapisha jaribio la wakimbiaji 63 waliokimbia dakika 45, baadhi yao wakiwa wamepewa dawa ya kuzuia kazi ya endofini. Hata kwao furaha ilikuja vilevile. Sasa macho yako kwenye endokanabinoidi, kemikali ambazo mwili hujitengenezea, na utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hupanda kwa mwendo wa wastani. Ukitembea tu hazipandi vya kutosha, na ukikimbia kufa na kupona vilevile. Mimi naona huo mwendo wa wastani hauko mbali na mwendo wa mchakamchaka, ule ambao bado unaweza kuitikia wimbo.

Dhana: mabingwa hukimbia kasi kila siku.

Hapana. Iten, Kenya, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, mazoezi mepesi ya wakimbiaji wakubwa huanza taratibu kiasi kwamba mgeni anaweza kuandamana nao kwa dakika za mwanzo. Kasi ina siku zake.

Dhana: asiyeshindana si mkimbiaji. Hii sitaki hata kuijadili sana. Anayekimbia ni mkimbiaji.

Sisemi malengo ni mabaya. Kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi zinapendeza ukijiandaa. Ila siku moja kwa wiki iache saa mezani. Toka kabla jua halijawa kali, pita mtaa usiouzoea, msalimie muuza vitumbua anayewasha jiko, na ukishikwa na hamu ya kurudi, rudi.