Bastola ya shangazi: anza na mikono yake, siyo na mkoba

Shangazi yangu ana miaka 71 na anaishi peke yake nje kidogo ya Houston, tangu mumewe afariki. Mwezi uliopita alinifuata kwenye uwanja wa shabaha ninakofundisha, mkobani ana kiboksi cha zawadi kutoka kwa binamu yangu. Ndani mlikuwa na rivolva ya Smith & Wesson 642, ile bastola ndogo ya silinda inayozunguka, ya risasi tano. "Mwanangu, nifundishe hii," akasema. Tukavaa miwani na viziba masikio, nikamtundikia karatasi ya shabaha hatua chache mbele. Risasi ya kwanza ilikwenda chini kabisa. Ya pili alilazimika kuivuta kwa vidole viwili. Baada ya ya tatu aliiweka mezani taratibu, mtutu ukiangalia mbele kama nilivyomwelekeza, akafungua kiganja. Pale chini ya kidole gumba palikuwa pekundu. "Hii sitaki kuipiga tena."

Katika kazi yangu hapa Texas hali hiyo naiona mara kwa mara, na karibu kila mara aliyechagua bastola ni mtoto, mpwa au mkwe aliyempenda sana mama huyo. Anawaza hivi: mama ni mdogo, mikono yake midogo, mkoba wake mdogo, basi apewe bastola ndogo. Anakosea hapo, na anayeumia ni mama.

Teke la bastola linatokana na risasi inayosukumwa mbele huku chuma kikisukumwa nyuma. Chuma kikiwa kizito, sehemu kubwa ya teke hilo inaishia kwenye chuma chenyewe. Kikiwa chepesi, linahamia mkononi. Ile 642 ina uzito wa karibu gramu 410. Ruger LCP, bastola ndogo sana iliyotoka mwaka 2008 na kupendwa mno kwa sababu inaingia mfukoni, ni kama gramu 270, zaidi kidogo ya robo kilo ya sukari. Ukiishika dukani unaona raha. Ukiipiga, inaruka mkononi kama samaki aliye hai, na mshiko wake ni mfupi kiasi kwamba kidole cha mwisho kinabaki kinaning'inia. Kijana mwenye mikono ya kazi atavumilia. Mama mwenye baridi yabisi kwenye vifundo vya vidole atapiga mara moja, kisha ataifungia kabatini, na siku atakayoihitaji atakuwa mgeni nayo.

Rivolva nayo ina sifa moja inayowadanganya wengi: ni rahisi kuielewa. Hakuna kukoki (kusogeza nyuma chuma cha juu ili risasi iingie mtutuni), hakuna magazini (kibweta cha risasi), unavuta tu. Ni kweli. Ila kifyatulio cha 642 kinahitaji nguvu ya karibu kilo 5 kukivuta, na chuma chenyewe hakifiki hata nusu kilo. Kidole kikivuta kwa nguvu inayozidi uzito wa silaha mara kumi, mtutu lazima uyumbe. Ndiyo maana risasi ya kwanza ya shangazi ilikwenda chini, na macho yake hayakuwa na kosa lolote. Kwa mwenye rivolva tayari, nashauri risasi za .38 Special za kulengea shabaha, zile zenye ncha bapa na baruti kidogo. Zinapunguza teke sana. Kifyatulio lakini hazikilegezi.

Kwa hiyo kabla sijataja jina la bastola yoyote, naanza na mikono. Namwomba mama anishike mkono na kuukaza kwa nguvu zake zote, wa kulia kisha wa kushoto. Namuuliza kama bado anafungua mwenyewe kifuniko cha chupa ya jemu, na kama vidole vinaamka asubuhi vimekakamaa. Halafu nampa bastola tupu, niliyoikagua mbele yake mara mbili, aikoki.

Hapo kwenye kukoki ndipo kinamama wengi wanapokata tamaa bure, maana hawajafundishwa. Wananyoosha mkono mbele, wanabana nyuma ya kifuniko, yaani kile chuma cha juu kinachosogea, kwa ncha ya kidole gumba na kidole cha shahada, wanavuta, hakitoki. Fanya hivi: leta bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea kwenye shabaha, kidole kiko nje kabisa ya kifyatulio. Mkono wa kushoto ufunike kifuniko kwa juu, kiganja kizima na vidole vinne vimekaza. Sasa usivute. Kaza mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia sukuma bastola mbele, kama unavyosukuma unga kwenye kibao cha chapati, kwa bega na mwili. Kifuniko kikifika mwisho, kiachie chenyewe kirudi. Shangazi alishindwa mara nne kwa njia ya zamani. Kwa njia hii alifaulu mara ya pili, akacheka kwa sauti hadi wanafunzi wa meza ya jirani wakageuka.

Hata hivyo, bastola hazifanani kwa ugumu. Nyingi za zamani za kaliba (ukubwa wa risasi) ya .380 hazina kufuli kati ya mtutu na kifuniko. Kinachozuia baruti ni uzito wa kifuniko na springi ngumu, kwa hiyo bastola ndogo yenye risasi dhaifu inaweza kuwa ngumu kuikoki kuliko kubwa ya milimita 9. Walther PPK ni ya namna hiyo. Zenye mtutu unaojifunga na kifuniko zinaweza kutumia springi laini. Hapo ndipo ilipo Smith & Wesson M&P 380 Shield EZ, iliyotoka mwaka 2018, na wazi kabisa ilitengenezwa kwa kufikiria mikono isiyo na nguvu. Ina uzito wa kama gramu 525, inabeba risasi 8, na mtutu wake unazidi kidogo sentimita 9. Magazini yake ina vidude viwili ubavuni unavyovishusha kwa vidole, risasi zinaingia bila kuumiza kucha. Kifyatulio chake ni chepesi mno ukikilinganisha na cha rivolva.

Angalizo langu kwake ni moja. Nyuma ya mshiko kuna kidude cha usalama ambacho lazima kiganja kikibonyeze, la sivyo bastola hailii. Mwenye mshiko legevu anaweza kuvuta na kusikia kimya. Lazima ajaribu mwenyewe, risasi nyingi, kabla hajalipa. Mshiko legevu una dosari nyingine kwa bastola zote za kukoki: kifuniko kinakosa kitu cha kuegemea, hakirudi hadi mwisho, na risasi inayofuata inakwama.

Kwa wasioweza hata hiyo, kuna Beretta Tomcat, ambayo mtutu wake unainuka kwa kusukuma kidude cha ubavuni, ukaweka risasi moja kwa mkono bila kukoki. Kuna pia bastola za risasi ndogo za .22, ambazo hazina teke la kusumbua, kama Ruger LCP II ya risasi 10 yenye springi laini. Wenzangu wengi wanaidharau .22. Mimi siidharau, ila mama lazima ajue kwamba dawa ya kuwasha baruti imezungushwa kwenye ukingo wa kitako cha risasi, na mara mojamoja haiwaki. Basi ajifunze kukoki upya bila kushtuka. Risasi ndogo inayogonga inapotakiwa naipenda kuliko kubwa inayopiga ukuta wa jirani.

Macho yana shida yake. Mwenye miwani ya kusomea na kuonea mbali anainua kidevu ili aone alama ya mbele ya kulengea kupitia kioo cha chini, na shingo inachoka baada ya risasi kumi. Shangazi nilimpakia alama hiyo rangi ya kucha ya machungwa. Ilitosha.

Kubeba je? Shangazi anavaa dera siku nyingi, na dera halina mkanda. Tulijaribu ala ya tumboni ya lastiki yenye gamba gumu linalofunika kifyatulio chote, juu ya suruali ya ndani. Akiwa amekaa ilimchoma ubavuni. Tukaisogeza, ikakaa. Mkoba ndio kila mtu anaouwaza kwanza, na ndio ninaouogopa zaidi. Desemba 2014, mjini Hayden, jimbo la Idaho, mtoto wa miaka 2 alitoa bastola kwenye mkoba wa mama yake dukani, akampiga risasi, mama akafa. Ule ulikuwa mkoba maalumu wenye mfuko wa kufichia silaha. Shangazi ana wajukuu sita wanaopekua mkoba wake wakitafuta peremende. Nilimwambia waziwazi: siku za wajukuu, bastola iko kwenye kasha la chuma la kufungua kwa namba, hakuna mjadala. Hapa Texas kumwachia silaha mtoto aliye chini ya miaka 17 ni kosa la jinai.

Sheria sasa, kwa sababu ndugu zetu wanaingia matatani wakiwa na nia njema. Bastola inunuliwe duka lenye leseni, mnunuzi ajaze mwenyewe fomu ya 4473, ile ya serikali ya shirikisho ya kununulia silaha, na akaguliwe. Tabia yetu ya "ninunulie, nitakurudishia pesa" hapa ni jinai. Mwaka 2009 polisi wa zamani alimnunulia anko wake Glock, na anko alikuwa ameshampa hundi ya dola 400. Wote wawili walikuwa na haki ya kumiliki silaha. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Abramski ya mwaka 2014, ikasema bado ni kosa, kwa sababu alijaza kwamba mnunuzi halisi ni yeye. Zawadi ya kweli, kwa pesa yako, inaruhusiwa kama anayepokea hajazuiwa na sheria. Hata hivyo, nashauri mwende wote na mama ajaze fomu yake.

Na huyu mama ni nani kisheria? Mwenye uraia au kadi ya kijani hana shida. Aliyekuja kwa visa ya muda, ya matembezi au masomo, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza kumiliki hata kushika silaha, ukiacha vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Tafadhali, usimpeleke mama aliyekuja kukutembelea kutoka Moshi au Mombasa uwanja wa shabaha apige picha na bastola.

Tangu Septemba 2021 Texas hailazimishi kibali cha kubeba bastola kwa watu wazima wengi wa miaka 21 na kuendelea. Hata hivyo nilimtaka shangazi akachukue. Ada ya kawaida ni dola 40, kuna darasa, na kuna mtihani wa risasi 50: 20 kutoka yadi 3, 20 kutoka yadi 7, 10 kutoka yadi 15, alama 175 kati ya 250 ndizo za kufaulu. Kinachonipendeza ni kwamba unamlazimisha mtu afanye mazoezi.

Yapo maswali mawili ninayomuuliza mama akiwa peke yake, mtoto wake akisubiri nje. La kwanza: wewe mwenyewe unaitaka? Wengi wanajibu kwamba hawataki, wamekubali ili mtoto asinung'unike. Hao nawapeleka kwenye kufuli nzuri za mlango, taa za nje na jirani mwenye simu. La pili ni la moyo na akili. Nchini Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu waliojiua. Mjane ambaye hali wala halali, au mama aliyeanza kusahau sufuria jikoni hadi inaungua, simuuzii wazo la bastola, hata mwanawe akinikasirikia. Na anayeipata leo, familia ikubaliane mapema nani ataichukua siku kumbukumbu zitakapoanza kupotea.

Shangazi alijibu la kwanza bila kusita, na la pili tulizungumza mpaka chai ikapoa. Akajaribu bastola tano, akachagua Shield EZ. Ile rivolva alimrudishia binamu yangu kwa mkono wake. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi anakuja na boksi moja la risasi 50, anazipakia mwenyewe kwenye magazini, na akifika ya arobaini namwambia apumzishe mkono. Wiki iliyopita alikataa kupumzika.